Bibi (mke) ya yaya yangu (kaka mkubwa) ni Mgujarati, hali nyama wala samaki: tumupikie nini hapa Bukavu?

mwana_wa_Kadutu
Jambo yenu wote. Yaya yangu alisomea India akaoa kule, sasa mwezi ujao anakuja na bibi yake, watakaa kwetu kwa Mama. Shemeji ni wa Rajkot, kwao nyama hapana, samaki pia hapana. Mama anasema basi tutamupa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, juu eti sambaza si samaki ya kweli hahaha. Mi sitaki mgeni alishwe chipsi na parachichi kila siku. Mwenye anajua chakula yao ya nyumbani, si ya restora, anisaidie, na iwe vitu tunapata hapa sokoni.

zamani_Ahmedabad
Mwambie Mama sambaza ni samaki kabisa! Na mayai muulize mbele, wengi wao hawagusi. Nilisoma Ahmedabad, mama mwenye nyumba alikuwa anapika saa sita dali, wali, rotli na mboga moja, na dali yao inatiwa sukari na ndimu, ukiizoea ile ingine inakuwa haina ladha. Rotli ni chapati nyembamba sana, haikaangwi, inavimba juu ya moto kisha inapakwa samli.

Lakini chakula ya kumutuliza mtu ni khichdi na kadhi (mchuzi wa maziwa ya mgando), ya magaribi. Khichdi rahisi: muchele na choroko zilizopasuliwa, manjano, chumvi, maji mengi, acha ichemke pole pole kwa mbabula (jiko ya makaa) mpaka ivurugike iwe kama uji mzito, juu yake samli. Mtu ametoka safari, ama ana homa, anapewa hiyo.

Kadhi fanya na mashanza, yaani maziwa ya mgando. Kikombe kimoja ya mashanza, maji viwili, vijiko viwili vya unga ya dengu, koroga vizuri MBELE ya kuweka kwa moto, kisha usiache kukoroga mpaka ichemke, bila hivyo maziwa inakatika. Tia tangawizi, pilipili mbichi, chumvi, sukari kidogo. Mwisho samli ya moto kwa kisufuria kidogo na jira, karafuu mbili tatu, kipande cha mdalasini, ikianza kulia mwaga yote ndani. Hiyo harufu majirani watakuja kuuliza.

Na bia musimusukumie, Gujarat pombe imekatazwa tangu jimbo liundwe 1960, kwao si kitu ya kuweka mezani.

mpishi_Lshi
Mi napika kwa familia ya Wagujarati huku Lubumbashi. Dada, ama ni kaka sijui, uliza kama ni Mjain, mtu wa dini ya Jain. Kama ni Mjain basi kitunguu hapana, kitunguu saumu hapana, viazi hapana, kila kitu ya kuchimbwa chini hapana, na mihogo ndani. Pahali pa viazi wanatia ndizi mbichi, na nyie Kivu bitoke (ndizi za kupika) si imejaa! Kata, kaanga na jira na manjano, imeisha.

Kitu watu wanasahau ni sufuria. Mafuta yenye ilikaanga sambaza usirudishe kwa mboga yake, na kibe ya kuku (kile kiungo cha supu) usiweke hata robo. Atakula kwa heshima lakini akijua itamuumiza.

Mama_wa_Nyawera
Na sombe (majani ya mihogo) je?

mpishi_Lshi
Sombe ya mawese na karanga bila ndakala (dagaa), vizuri sana mama. Lengalenga (mchicha) pia. Bugali haitamushangaza, kwao mashambani wanakula rotlo ya uwele. Ila siku akifunga, na hao wanafunga sana, nafaka anaacha: mupe matunda, maziwa, viazi na karanga kama si Mjain.

zamani_Ahmedabad
Wakipanda bateau kwenda Goma wafanyie thepla, chapati ya viungo: unga ya ngano na majani ya methi (uwatu), manjano, pilipili, mashanza kidogo ya kukandia. Inakaa siku mbili tatu bila frigo, Mgujarati hasafiri bila hiyo.

mwana_wa_Kadutu
Aksanti sana (mi ni kaka). Nimemwandikia yaya: si Mjain, vitunguu anakula, mayai hapana. Mama ameshatenga kikaango. Unga ya dengu na methi kavu atabeba mwenyewe.

mpishi_Lshi
Mwambie alete na hing (mvuje, kiungo chenye harufu kali), kidogo tu inatosha dali ya mwezi mzima. Ila aifunge plastiki mbili, bila hivyo nguo zote za valizi zitanuka.