Tupeane uzoefu: ulianza biashara na shingapi, na ni wapi ilikaribia kufa?

Mama Viatu

Habari za jioni wadau. Nimeleta huu uzi kwa sababu kila siku tunaulizana biashara gani inalipa, ila ni mara chache mtu akae chini aeleze ilimchukua miaka mingapi na hela ilipotelea wapi. Naomba tutaje hela zenyewe, usiseme "mtaji mdogo", sema ni laki ngapi, maana kuna mtu anasoma hapa ana hiyo laki yake mkononi na hajui aanzie wapi. Naanza mimi.

Nilianza 2015 na 80,000, viatu vya mtumba vya kike. Naamka saa tisa usiku, saa kumi na moja niko Ilala pale soko la Karume wanafungua mabelo ya mtumba, maana ukifika saa moja wenzio washachagua vizuri vyote unaachiwa mabaki. Siku ya kwanza nilipata pea 14. Kazi yenyewe sasa iko nyumbani, unachukua mswaki wa zamani na sabuni ya unga unasugua soli mpaka kwenye mishono, unaanika kivulini kwa sababu jua kali linaachia gundi, halafu unakunjakunja gazeti unajaza kule mbele kwenye vidole ili kiatu kirudi umbo lake. Kiatu cha 4,000 nikikitengeneza hivyo nauza 12,000 mpaka 15,000 maofisini, wadada wananipa nusu leo nusu mwisho wa mwezi, naandika kwenye daftari.

Baada ya mwaka na nusu nikawa na kama milioni 2 ukijumlisha na madeni ya nje. Hapo ndo nilipokosea, nikaona na mimi wakati wa fremu, yaani chumba cha duka cha kupanga, umefika. Kodi ya miezi sita 900,000, dalali akachukua ya mwezi mmoja, bado vioo, taa, rangi, kibao. Siku nafungua shelfu zinang'aa ila nina pea 30 tu. Mteja anaingia anataka namba 39 hakuna, anauliza 40 hakuna, anatoka. Na wale wa maofisini nikawa nimewaacha maana nakaa dukani kutwa. Mwezi wa nne nikachukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, laki 5, marejesho kila wiki, ikawa kila nikiuza natoa rejesho kwanza ndo ninunue mzigo, na mara nyingi ya mzigo haibaki. Miezi sita ilipoisha nikarudisha funguo nikiwa na deni na mfuko wa viatu 11. Nililia sana, siwafichi.

Nilirudi maofisini na ule ule mfuko. Nikatenga laini mbili za simu, moja ya mauzo na nyingine ya kula, kila Jumapili najilipa 30,000 na hata mtoto akiugua nakopa kwenye kikoba, laini ya mauzo siigusi. Fremu ninayo tena tangu 2021, ila safari hii niliichukua wakati mzigo wa kuijaza ushalala tayari ndani kwangu, chini ya kitanda na juu ya kabati. Wengine leteni.

Kuku Kibaha

Dada umenigusa. Mi ni broila, kuku wa nyama, nilianza 2018 na vifaranga 100 kwenye banda la mabati, jumla na chakula na dawa kama 700,000. Batchi ya kwanza nikauza wote wiki ya tano, nikajiona nimeshaijua kazi, ya pili nikaweka 200. Wakafa 140.

Naomba niieleze vizuri hii maana imemaliza wengi. Chanjo za magonjwa ya kuku nilinunua, kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, tarehe nilifuata zote. Tatizo ni maji. Nilichanganyia maji ya bomba na yale yana klorini, chanjo ya kunywa ni kitu hai, ukiitia kwenye klorini umeiua hapo hapo kwenye ndoo na kuku wanakunywa maji matupu. Sa hivi natumia maji ya kisima au ya mvua, natia maziwa ya unga yasiyo na mafuta kidogo, nawanyima maji kama saa mbili ili wakiwekewa wanywe yote kwa mara moja. Hii nilifundishwa na daktari wa mifugo wa kata, bure kabisa, ningemfuata kabla ya kupoteza 140.

Kingine kilichonikuza ni kuacha kuingiza wote siku moja. Naweka 200 kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo kila wiki mbili nina kuku wa kutoa, na wenye hoteli wanataka mtu ambaye hakosi. Chakula kinameza zaidi ya nusu ya gharama, ukichelewa kuuza wiki moja tu faida yote washaila.

Jinzi

Mi nilikuwa na meza Karume. Moto wa Januari 2022 ulichukua kila kitu, mabelo mawili ya jinzi nilikuwa nimeyanunua Ijumaa hata kamba sijakata, moto ukawa usiku wa kuamkia Jumapili. Nilienda asubuhi nikasimama tu.

Kilichoninyanyua ni mzee mmoja wa jumla wa Kariakoo aliyenipa belo kwa mali kauli, yaani uza kwanza ulipe baadaye. Miaka minne nilikuwa nachukua kwake na siku niliyosema nitaleta hela naleta, hata kama nimeuza kwa hasara naleta, na sijawahi kuzima simu. Hakuniuliza dhamana yoyote. Alisema "chukua hilo, ukimaliza tutaongea".

Wakala Stendi

Fupi tu. 2019, laki 5, wakala wa miamala. Nusu floti, yaani hela ya kwenye simu, nusu keshi. Mtu alikuja amevaa vizuri anaongea na simu, "nirushie 300,000 kwenye namba hii natoa hela hapa", nikarusha wakati yeye anahesabu, kugeuka hayupo. Tangu hapo hela naishika mimi kwanza, nahesabu, naweka droo, ndo natuma, awe mama yangu mzazi. Kamisheni sijaigusa miaka miwili, ndo iliyofungua kibanda cha pili.

Bi Mahamri, Mombasa

Mie niko Mombasa, naomba nichangie. Nilikuwa nauza viazi karai na bajia jioni, nilianza na shilingi 3,500 za Kenya na karai la kuazima kwa mamangu. Viazi karai ni biashara ya magharibi kwenda usiku, watu wametoka kazini. Machi 2020 kafyu ikaingia, saa moja jioni kila mtu awe ndani, basi biashara yangu ikafa siku moja ile ile. Wiki mbili nilikaa nalitazama lile karai.

Halafu nikafikiri, watu wamezuiliwa jioni lakini asubuhi bado wanakula. Nikahamia mahamri na mbaazi za nazi. Naukanda unga usiku na iliki, naufunika na leso uumuke, alfajiri nakaanga, kafyu ikiisha saa kumi na moja na mie natoka na beseni. Majirani walikuwa hawasongi mjini tena, wakawa wanunua kwangu. Kafyu ilipoondolewa nikarudisha viazi jioni na mahamri nikabaki nayo, sasa nina wasichana wawili wanisaidia.

Mgeni2025

Samahani wakubwa, nina 300,000 na mtoto mdogo, niko Mbagala. Nilikuwa nataka kulipia fremu nianze nguo za watoto ila nimesoma hapa nimeogopa. Nifanyeje?

Mama Viatu

Mdogo wangu usiogope, ila fremu iache kwanza. Chukua 100,000 tu, hizo 200,000 zikae. Nguo za watoto wateja wako wako kliniki siku za kupima uzito na kwenye vikoba vya mtaa wako, hao unawafuata na mfuko. Ulizia pia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata kuhusu mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, haina riba, ila inataka muwe kikundi, kwa hiyo anza kutafuta wenzio unaowaamini mapema.

Na Alhamisi naenda Ilala. Kama una wa kumwachia mtoto nitumie ujumbe tukutane saa kumi na moja alfajiri, nikuonyeshe mishono ya kukagua kabla hujatoa hela. Njoo na mfuko mkubwa na hela uzigawe mifuko miwili tofauti.