Njia ya faili ikipotea kwenye huduma ya nyuma, alaumiwe nani?

Mwanzisha mada: Wadau, tulimalize hili. Programu inafungua "data/mipangilio.ini". Ukiiendesha mwenyewe inakubali; ukiisajili iwe huduma (programu inayojiendesha nyuma bila mtu kuifungua) inalia kuwa faili halipo. Sababu inajulikana: njia isiyo kamili hutafutwa kuanzia folda ambayo programu imeanzishiwa, na systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) huanzishia huduma kwenye / (folda ya mzizi), na Windows kwenye C:\Windows\System32. Kosa ni la mwandishi wa programu. Mtu aliyesomea kazi hii haandiki njia nusunusu.

Mdau 2: Hapo kwenye "aliyesomea" umenigusa. Wengi humu tumejifundisha wenyewe na huduma zetu zinasimama. Dawa ni mstari mmoja kwenye mipangilio ya systemd, WorkingDirectory, unaotaja folda ya kuanzishia huduma. Msimamizi wa seva auandike, kazi imekwisha.

Mwanzisha mada: Na kwenye Windows auandike wapi? Usajili wa huduma kule hauna mstari huo. Programu yenyewe itafute folda ilipowekwa, ijenge njia kamili kuanzia hapo.

Mdau 3: Usiwafundishe watu kuandika data pembeni ya programu! Akaunti yenye ruhusa ndogo haiwezi kuandika ndani ya Program Files. Data iende ProgramData, na kwenye Linux /var/lib. Ukiweka mstari wa StateDirectory, systemd inakutengenezea folda na kumkabidhi mwenye huduma.

Mwanzisha mada: Nimesema kuandika wapi? Rudia kusoma.

Mdau 3: Folda ya mfano wako inaitwa "data". Atakayekufuata ataandika humo humo.

Mdau 4: Huko kuhamia / ni desturi ya zamani ya Unix, nadhani ni ili huduma ising'ang'anie diski ambayo msimamizi anataka kuiondoa. Ukiita chdir (agizo la kuhamisha folda ya kazi) urudi kwenye folda yako, umerudisha tatizo lile lile. Tena chdir hubadilisha folda ya programu nzima, nyuzi zote (kazi zinazokwenda sambamba ndani yake), siyo ule uzi mmoja ulioita.

Mdau 2: Bado sijajibiwa. Cheti ndicho kinachoandika njia kamili? Nimewaona wenye vyeti wakiweka Z:\ripoti kwenye huduma. Hiyo ni njia kamili, na bado haifunguki, kwa sababu herufi ya Z:, waliyoipa folda ya mtandao, ni ya kikao cha mtu aliyeingia, huduma haina habari nayo.

Mdau 5: Waandike njia ya mtandao yenyewe, \\seva\ripoti, na huduma ipewe akaunti yenye ruhusa huko.

Mwanzisha mada: Mdau 2, sikutaja cheti. Kusoma ni pamoja na kujisomea.

Mdau 2: Basi ungeandika hivyo tangu mwanzo.

Mdau 3: Na logi (kumbukumbu za matukio ya programu) je? Nazo mnaziweka pembeni ya programu?