Mjadala: Walichezea data za upepo wa matairi, wakaachiwa ushindi wa Daytona. Ilikuwa haki?

Mtoa mada
Wadau wa mbio za magari, kesi yenyewe ni ya 2023, ila kila Januari zikikaribia mbio za Saa 24 za Daytona kule Marekani naikumbuka na hasira inapanda. Timu ya Meyer Shank ilishinda mbio hizo za IMSA, shirika linalosimamia mbio ndefu za magari Marekani, kwa gari la Acura namba 60. Machi, IMSA ikatangaza kwamba timu ilichezea data za upepo wa matairi. Faini dola 50,000, pointi 200 zikakatwa, zawadi ya fedha ikafutwa, mhandisi mmoja akasimamishwa. Ushindi ukabaki palepale, na saa za Rolex wanazopewa washindi zikabaki mikononi mwa madereva.

Kwa wageni wa mchezo huu: Michelin, watengenezaji wa matairi, hupanga kiwango cha chini cha upepo, kwa usalama. Daytona ina kona zilizoinuka nyuzi 31, zinaligandamiza tairi vibaya sana. Lakini ukipunguza upepo kidogo, tairi linalala vizuri kwenye lami na gari linashika, hasa usiku wa baridi. Ndiyo maana sensa hupeleka vipimo kwa wasimamizi muda wote. Safari hii vipimo vilivyowafikia vilikuwa vimepikwa.

Mimi nasema wangenyang'anywa. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, ushindi wa mezani una raha gani? Castroneves, Pagenaud, Blomqvist na Braun waliendesha usiku kucha. Adhabu ilimtaja mhandisi, wao hawakutajwa kuhusika. Halafu pointi 200 unazionaje ndogo? Mshindi wa IMSA anapata 350, wa pili 320. Timu hiyohiyo ilimaliza mwaka kwa kushinda Petit Le Mans, mbio za mwisho za msimu, lakini ubingwa ukaenda kwa Cadillac namba 31.

Mtoa mada
Ndugu yangu, pointi za msimu huo nani anazikumbuka leo? Daytona inakumbukwa milele. Na wale wanaosema haiwezekani kumnyang'anya mshindi, siwakubali. Julai 2022, kwenye mbio za Pocono, NASCAR, shirika lingine la mbio za magari Marekani, waliwafuta Denny Hamlin na Kyle Busch, wa kwanza na wa pili, ushindi akapewa Chase Elliott aliyemaliza wa tatu. Haikuwahi kutokea kwa mshindi wa ligi yao kuu tangu 1960, lakini walithubutu. Na IMSA ni mali ya NASCAR! Nyumba moja, hukumu mbili.

Mchangiaji wa pili
Unachanganya mambo. Pocono gari lilikaguliwa siku ileile, mkanda wa gundi usioruhusiwa ukaonekana kwenye bampa la mbele, kazi ikaisha. Huku matokeo yalishathibitishwa, na udanganyifu ulikuwa ndani ya data. Kingine umekiruka: aliyeripoti ni HPD, kitengo cha mbio cha Honda, wenye Acura wenyewe! Ukimnyang'anya ushindi anayejisema, kesho nani atafungua mdomo?

Mtoa mada
Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Lakini tazama wa pili alikuwa nani: Wayne Taylor Racing, Acura vilevile. Honda wasingepoteza ushindi hata kama namba 60 ingefutwa. Wa kuumia angekuwa aliyedanganya peke yake, ndivyo inavyotakiwa. Na kama sheria inasema matokeo yakishathibitishwa hayaguswi, basi sheria yenyewe inamfundisha mjanja kuficha kitu hadi muda upite. Udanganyifu wa data hauonekani kwa macho siku ya mbio, lazima upewe muda mrefu zaidi wa kuchunguzwa.

Mchangiaji wa kwanza
Sasa mkuu, ungekuwa wewe ndiye wa pili, ungefurahi kupigiwa simu Machi uambiwe umeshinda mbio za Januari?

Mtoa mada
Ningeipokea hata ingepigwa Desemba.