Kusikiliza PDF za Kiswahili kwa programu za bure: sauti ipi, na faili litayarishwe vipi?

MwalimuTororo
Habari za kazi, wakuu. Nina notisi za Kiswahili za S.3 na S.4 (sekondari, mwaka wa tatu na wa nne) katika PDF, kurasa kama 180, baadhi zimepigwa skani. Nataka ziwe MP3 ili wanafunzi wenye uoni hafifu wasikilize kwenye simu, hata zile za batani zenye memori kadi. Laptopu ni Windows 10, RAM 4 GB, na bando ni la kuhesabu. Sauti iliyokuja na Windows inasoma Kiswahili kama Kiingereza, hakuna kinachoeleweka. Kuna njia ya bure isiyohitaji intaneti kila mara?

FundiJinja
Ipo, mwalimu. Kwanza tenganisha vitu viwili: programu inayofungua faili, na sauti inayosoma. Windows haina sauti ya Kiswahili ya kusomea nje ya mtandao, kwa hiyo ukibadilisha programu tu hutapata nafuu yoyote.

Pakua eSpeak 1.48 ya Windows, injini ya bure ya sauti, ile ya SAPI 5 (mfumo wa Windows unaoziwezesha programu kutumia sauti zilizosakinishwa). Wakati wa kuisakinisha itakuuliza lugha za sauti na kukupa visanduku vya kujaza. Andika *sw* katika kimojawapo. Ukiruka hatua hiyo utabaki na Kiingereza. Kisha weka Balabolka, ambayo hufungua PDF, DOCX na EPUB. Chagua sauti ya sw kwenye ukurasa wa SAPI 5, punguza kasi, sikiliza aya moja, ndipo uhifadhi kama MP3. Zote mbili ni nyepesi, RAM 4 GB inatosha kabisa.

Anayetumia Linux asihangaike na madirisha:
`espeak-ng -v sw -s 140 -f mada1.txt -w mada1.wav`
Kasi ya kawaida ni maneno 175 kwa dakika, nayo ni kubwa kwa mtu anayesikiliza ili aelewe somo. Anza na 140.

Masikio_Arua
Fundi amesema kweli, ila kazi kubwa iko kwenye maandishi. Faili chafu halisikiliziki hata ukilipa sauti nzuri namna gani.

Zile kurasa za skani ni picha, hazina herufi ndani. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa, programu itanyamaza ikifika hapo. Tumia gImageReader, programu ya bure inayogeuza picha za maandishi kuwa herufi kwa injini ya Tesseract, kisha uiongezee data ya lugha *swa*. Skani iwe dpi 300 (nukta 300 kwa inchi). Chini ya hapo "rn" inageuka "m" na "l" inageuka 1, na msikilizaji hana namna ya kujua kwamba neno limeharibika.

Halafu hamisha kila kitu kwenye faili la .txt, ubonyeze Ctrl+H (tafuta na ubadilishe) na kusafisha. Futa namba za kurasa na kichwa kinachojirudia juu ya kila ukurasa, maana vitasomwa katikati ya sentensi. Unganisha maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari ("wana-" na "funzi"). "S.4" andika "Senia ya nne", kwa sababu nukta huweza kuchukuliwa kuwa mwisho wa sentensi. "n.k." iwe "na kadhalika". "Shs 50,000/=" iwe "shilingi elfu hamsini". Na tafadhali angalia ng': Word huipinda ile alama ikawa ’, na baadhi ya injini haziitambui, basi ng'ombe anasomwa vibaya. Badilisha zote ziwe alama iliyonyooka.

Majina ya watu na mahali yasiyotamkika vizuri yaweke kwenye kamusi ya matamshi ya Balabolka. Ukirekebisha mara moja, inatumika kwa mafaili yote.

KodiKampala
eSpeak inaeleweka lakini ni kavu, na mtoto akiisikiliza saa nzima atachoka. Ukiwa na intaneti, fungua PDF ndani ya Microsoft Edge, ubonyeze Ctrl+Shift+U ili isome kwa sauti, uchague Zuri au Rafiki wa Kenya, au Rehema au Daudi wa Tanzania. Hizo ni sauti laini sana. Kasoro yake ni kwamba hakuna kitufe cha kuhifadhi MP3, na maandishi huenda kwenye seva za nje. Ripoti za wanafunzi au za kliniki usizisomeshe huko. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu.

Nje ya mtandao jaribu Piper, injini nyingine ya bure ya sauti, na sauti ya *sw_CD-lanfrica-medium*, Kiswahili cha Kongo. Unahitaji mafaili mawili ya sauti hiyo, .onnx na .onnx.json, yakae folda moja. Likikosekana la pili haifanyi kazi. Inaendeshwa kwa amri, haionekani ndani ya Balabolka.

MwalimuTororo
Asanteni sana. Kurasa nyingine zina safu mbili, na mistari inachanganyika. Na memori kadi ya 2 GB itatosha?

Masikio_Arua
Kwa safu mbili tumia `pdftotext`, amri ya kutoa maandishi kwenye PDF, bila `-layout`. Ukiiweka hiyo, inahifadhi sura ya ukurasa, ndiyo maana safu zinasomwa kwa kuvuka. Majedwali yaandike upya kwa mkono yawe sentensi, hakuna programu itakayokufanyia vizuri.

FundiJinja
Inatosha na kubaki. WAV ya eSpeak hula karibu MB 159 kwa saa, MP3 ya kbps 32 kama MB 14. Kurasa 180 zenye maneno 300 kila moja ni takriban saa sita na nusu, chini ya MB 100. Ila kata vipande vya dakika 10 hadi 15, kila mada faili lake, majina yaanze na 01, 02, 03. Simu nyingi za batani hazikumbuki ulipoishia, na kusogeza mbele faili la saa nzima kwa kitufe ni mateso kwa mtu asiyeona skrini.