Kama akili yathibitisha kuwa Mungu yupo, imani ni ya nini?

Katekista, Kondoa
Tumsifu Yesu Kristo. Kijana mmoja wa parokia yetu, anayesoma chuo Dodoma mjini, ameniuliza swali ninalopenda tulijadili. Mtakatifu Anselm wa Canterbury aliandika kwamba hatafuti kuelewa ili aamini, bali anaamini ili aelewe. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye anatoa njia tano za kuthibitisha kwa akili kwamba Mungu yupo. Je, hawapingani?

Mwanafunzi wa falsafa, Dodoma
Milele, amina. Mwalimu, naona tofauti yao inatokana zaidi na watu waliowaandikia. Anselm aliiandika *Proslogion*, kitabu chenye maneno hayo, karibu mwaka 1078 akiwa mtawa wa Bec, monasteri huko Ufaransa, kwa watu waliokwisha kuamini, na kitabu chenyewe ni sala. Humo anasema Mungu ni yule ambaye hakuna mkuu kumpita anayeweza kufikirika, kwa hiyo lazima awepo kweli. Hata hivyo hakukimbia kupingwa: mtawa Gaunilo alipomjibu kwamba kukifikiria kisiwa kizuri kuliko vyote hakukifanyi kiwepo, Anselm alitaka pingamizi hilo linakiliwe pamoja na kitabu chake, likifuatiwa na jibu lake. (Wanaodai kwamba enzi zile kuhoji kulikatazwa wangeanzia hapo.)

Thomas, katika karne ya 13, alikutana na maandishi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yaliyofika Paris pamoja na ufafanuzi wa Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu, yaani falsafa iliyokamilika bila kuihitaji Biblia. Ndipo akatenga yale ambayo akili inaweza kuyafikia, kama kuwapo kwa Mungu, na yale yanayoipita, kama Utatu. Hata hayo ya kwanza, anasema, ilifaa yafunuliwe, kwa kuwa bila ufunuo wangeyafikia watu wachache, baada ya muda mrefu, tena yakiwa yamechanganyika na makosa. Mkulima wa mtama wa Kongwa hawezi kusubiri mpaka amalize metafizikia, falsafa ya chanzo na asili ya vitu vyote, ndipo aanze kusali.

Padre mstaafu, Mpwapwa
Mwanangu amejibu vizuri, ila mimi nisingeanzia kwenye njia tano. Ningemwonyesha kijana swali la kama ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Aristotle alifundisha kuwa ni wa milele. Bonaventure, mwanateolojia Mfransisko wa wakati wa Thomas, aliona akili inaweza kuthibitisha kinyume chake. Thomas, ambaye aliamini kwa moyo wote kwamba ulikuwa na mwanzo, alikataa kabisa kwamba jambo hilo linathibitishika, akaonya kuwa anayeleta hoja dhaifu kwa ajili ya imani huwapa wasioamini sababu ya kucheka. Mahubiri mengi ya siku hizi yangepungua urefu kwa onyo hilo.

Tusipambe historia, lakini. Abelard, mwalimu wa falsafa na teolojia wa karne ya 12, alihukumiwa kwenye mtaguso wa Sens, Ufaransa, kwa msukumo wa abate Bernard wa Clairvaux, na mwaka 1277 askofu wa Paris alilaani hoja 219, baadhi zikikaribiana na mafundisho ya Thomas, aliyekuwa amefariki miaka mitatu kabla.

Katekista, Kondoa
Asante, Padre. Basi aliyeuelewa uthibitisho wa kuwapo kwa Mungu, bado analiamini jambo hilo?

Padre mstaafu, Mpwapwa
Kwa Thomas, hapana: jambo lilelile haliwezi kujulikana kwa uthibitisho na kuaminiwa na mtu yuleyule kwa wakati mmoja. Kijana wako akiuelewa uthibitisho, analijua. Bibi yake asiyeuelewa analiamini. Na kuhusu Utatu wote wawili wanaamini sawasawa.