Ushauri: jeraha la baba la vita vya Kagera limefunguka tena, safari hii halifungi

BintiWaMstaafu:
Habari zenu ndugu zangu. Nimejikaza siku nyingi, leo naandika maana nikikaa kimya nitakuja kujilaumu.

Baba yangu ni askari mstaafu. Aliumia Lukaya, Machi 1979, kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi kwenda Kampala. Vipande vya roketi vilimwingia kwenye muundi wa mguu wa kushoto, mfupa ukapasuka. Alitibiwa, mguu ukapona bila kukatwa, akarudi kazini mpaka akastaafu. Sisi watoto tumekua tukijua kwamba ule mguu una mdomo. Kila baada ya miaka kadhaa kitundu kinafunguka, kinatoa usaha wiki mbili tatu, kinafunga. Mama anachemsha maji ya chumvi, anachana khanga kuukuu, anamfunga. Hatukuwahi kuuita ugonjwa.

Sasa yapata miezi minane haujafunga. Kingo zimekakamaa, nyama imeota juu kama koliflawa, ukigusa inavuja damu, na harufu si ile tuliyoizoea. Juzi nilipofungua bandeji nikakuta kitu cheusi, kigumu, kama punje ya mchele. Nikadhani chuma. Baba akakiweka kiganjani, akakigeuza, akasema, "Hiki si chuma, mama. Huu ni mfupa wangu."

Hospitali tumeenda mara tatu. Wanasafisha, wanatoa vidonge vya siku saba, turudi nyumbani. Mara ya mwisho wakaandika apigwe MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Hakuna aliyemuuliza kama ana chuma mwilini, baba mwenyewe ndiye aliyesema yuko mlangoni kabisa mwa chumba.

Na usiku halali. Radi ikipiga anatoka kitandani, anakaa sakafuni ameegemea ukuta mpaka alfajiri. Sikio la kulia linampigia filimbi miaka yote. Nianzie wapi? Kukatwa mguu hataki hata kusikia.

Mwanakagera:
Pole sana dada, mpe mzee shikamoo yangu. Bibi yetu alikuwa anapaka asali mbichi kwenye vidonda sugu, vinakauka. Jaribu.

Tabibu wa Mifupa:
Mkuu, kwa kidonda hiki asali itapoteza muda, na muda ndio tusiokuwa nao.

Dada, ile punje ndiyo imesema kila kitu. Mfupa uliokufa haupati damu, kwa hiyo dawa ya kumeza haiufikii, na bakteria wanajificha humo miaka na miaka. Vidonge vya siku saba vinakausha juu tu. Kinachotakiwa ni upasuaji wa kuondoa mfupa mfu, na kipande cha mfupa wenyewe, si usaha wa juu, kioteshwe maabara ili dawa ichaguliwe. Kisha ataitumia kwa wiki kadhaa, mara nyingi sita.

Ila kilichonishtua ni hizo kingo na nyama iliyoota. Kidonda kinachotoa usaha kwa miongo kinaweza kugeuka saratani ya ngozi. Daktari Mfaransa, Marjolin, alieleza vidonda vya namna hii mwaka 1828, na mpaka leo tunaviita kwa jina lake. Sisemi baba anayo. Nasema asifungwe bandeji tena kabla hawajakata vinyama vya kupima, sehemu zaidi ya moja, na kingo zikiwemo. Wampapase pia kinena kuona kama kuna matezi yaliyovimba. Wapime sukari.

MRI mzee alifanya vyema kusema. Sumaku ile inaweza kukisogeza chuma au kukipasha moto. Aanze na eksirei ya kawaida ionyeshe vipande viko wapi, na CT, eksirei ya kompyuta, haina hatari hiyo. Ombeni rufaa ya Bugando, hospitali ya kanda iliyoko Mwanza.

MlindaAmani:
Nilikuwa Kivu, Kongo, 2013, nikarudi mzima wa mwili. Usiku ndio ulionishinda. Wazee wa Kagera waliambiwa wajikaze, maana hata vitabu vya madaktari wa akili vya Marekani viliuingiza ugonjwa huu wa kiwewe (PTSD) mwaka 1980, vita vya Kagera vimekwisha. Akiwa pale ukutani usimtikise wala usimshike kwa nyuma. Washa taa, simama mbali kidogo, mwite kwa jina, mwambie yuko nyumbani. Halafu mkienda Mwanza mwombeni na daktari wa akili. Si wazimu, mwambie hivyo kabisa. Mimi nilienda, sasa nalala.

Mama Neema:
Baba yangu alikatwa chini ya goti baada ya kukanyaga bomu la ardhini. Ukweli ni kwamba vidole visivyokuwepo vilimuuma miaka mingi, na sasa goti la mguu uliobaki ndilo bovu kwa kubeba mzigo wa miguu miwili. Lakini mguu wa bandia alitengenezewa Moshi, na baiskeli alipanda. Mzee wako asiogope kuongea na mtu aliyepitia. Nitumie ujumbe, nimpigie baba simu waongee.

BintiWaMstaafu:
Nimesoma yote kwa sauti, baba akiwa ameelekeza sikio la kushoto. Rufaa nimeandikiwa leo asubuhi, na ile punje nimeihifadhi kwenye kichupa. Alhamisi tunapanda meli kwenda Mwanza. Mama Neema, nimekutumia ujumbe. Ameuliza baba yako alikuwa kikosi gani.