Miaka 34 na tayari "shikamoo mama": mnaitikaje?

Mkazi_Ipagala:
Wakuu, swali kwa watu wa thelathini na ushee hapa Dodoma. Mwanachuo wa UDOM wa miaka 22 anamwamkia shikamoo mtu wa 34. Konda wa daladala ya Nzuguni naye, "mama, sogea nyuma." Ukifika getini mlinzi anasema "karibu mzee." Je, uitike marahaba na kukubali kuwa umezeeka, au kuna namna ya kukwepa bila kuonekana una dharau? Na kuna umri unaoeleweka?

Bibi_Afya:
Umri wa kiserikali upo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na 60 ndiyo ya kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma (55 ni kwa hiari). Kabla ya hapo hakuna atakayekuelekeza dirisha la wazee hospitalini, hata uitwe mzee mara ngapi getini.

Mtaani watu hawakadirii miaka yako, wanaangalia alama. Kwa mwanamke ni kitenge na kilemba, mtoto mgongoni, kapu la sokoni. Kwa mwanamume ni suti, kitambi, upara, funguo za gari. Kitambulisho cha kazi shingoni kinaongeza miaka kwa jinsia zote. Mwanamke huyohuyo akivaa jinzi na raba atakuwa "sista" au "anti" pale Majengo. Kliniki ya wajawazito ndiyo usiihesabu kabisa: pale hata binti wa miaka 19 anaitwa mama, kwa sababu ya kadi aliyoshika.

Halafu angalia nani anaamkia. Mwanafunzi wa shule ya msingi humwamkia kila mtu mzima, hata wa miaka 20, ndivyo alivyofundishwa. Hiyo haikuambii lolote kuhusu sura yako.

Fundi_Salamu:
Namna ya kuitika: sema "marahaba" papo hapo, kwa sauti ya kawaida, kisha wewe ndiye uulize kitu: "Marahaba, hujambo? Masomo yanaendeleaje?" Basi, salamu imekwisha na mnaongea mengine.

Yanayoharibu ni haya. "Shikamoo ya nini, mimi bado kijana!" mbele za watu: aliyeamkia anaaibika, na safari nyingine atakupita kimya. Kuitika "poa": kunasikika kama kejeli. Kunyamaza na kutabasamu ndiko kubaya kuliko yote, kwa sababu atadhani hukumsikia na ataamkia tena, safari hii kwa sauti.

Ukitaka kukwepa, wahi wewe kusalimia. "Habari za saa hizi?" ikitangulia, mwenzako wa miaka 22 mara nyingi atajibu "nzuri" na yakaishia hapo. Kwa mtoto wa sekondari usijaribu. Atajibu "nzuri, shikamoo," na utakuwa umejiongezea kazi.

Kuna pia salamu zisizouliza umri. Kondoa na kwingine kwenye Waislamu wengi, "asalaam aleikum" huitikiwa na mkubwa kwa mdogo sawasawa. Kanisani "Bwana asifiwe" au "Tumsifu Yesu Kristo" vinafanya kazi hiyohiyo. Kwa mtu usiyemjua dini, rudi kwenye "habari."

Kaunta_Mtumba:
Nakubali, ila msisahau mji wetu una Bunge. Kuanzia Aprili hadi Juni, wakati wa bajeti, neno "mheshimiwa" linatembea hadi kwenye bajaji. Mbunge, waziri, diwani, mkuu wa wilaya, hakimu, hao ni wenyewe. Wewe ukiitwa hivyo na muuza zabibu, jua bei imepanda. "Bosi" nayo ni hivyo hivyo. Akikuita "mama yangu" au "mzee wangu," hapo bado mnaweza kuelewana.

Ofisini jambo hili linarekebishika. Siku ya kwanza jitambulishe na cheo cha kukuita: "Naitwa Neema, niiteni dada Neema." Usingoje. "Mama Neema" ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp haitoki. Kwenye barua na matangazo tumia "Ndugu," haina umri wala jinsia.

Ila ofisa kijana asiikatae shikamoo ya mwananchi. Nyingine inatolewa kwa kiti alichokalia.

Mkazi_Ipagala:
Asante. Na watu wawili wa rika moja, mmoja akakosea akaamkia?

Fundi_Salamu:
Kama tofauti ni miaka miwili mitatu, usiitike marahaba kwa uzito, wala usianze kuulizana miaka ya kuzaliwa. Mpe mkono, sema "aa, salama tu, mambo vipi?" Ataelewa. Kama mnafahamiana, itike kwa utani: "Marahaba mjukuu wangu," mcheke.

Lakini kama aliyekosea ni mkubwa kwako waziwazi, labda hakuona vizuri au giza limeingia, marahaba usiiguse. Muwahi na shikamoo yako, inamishe kichwa kidogo, na umwache yeye aitike.

Bibi_Afya:
Na konda achana naye. Kwenye daladala iliyojaa, "mama" maana yake ni nafasi unayoizuia.